Je, wajua kwa nini wasomaji wa riwaya ndefu huwa na daftari la madeni?

Mtoto wa kaka yangu anaishi nasi hapa Kibuli, Kampala, na kwa muda mrefu nilidhani daftari lake la kurasa 96 ni la hesabu. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikalifungua kwa tochi ya simu nikitafuta ukurasa mtupu wa kuandikia vitu vya kununua sokoni. Nikakuta mistari ya namna hii: "Kitabu 1, nani alimpa nguvu yule muuaji? Bado. Kitabu 2, mikanda ya mbwa mwitu ilitoka wapi? Bado. Kitabu 3, jiwe la kaburi. Limelipwa, kitabu 13."

"Shangazi, hayo ni madeni ya mwandishi," akaniambia, akalichukua daftari lake.

Alikuwa anasoma The Dresden Files, mfululizo wa Mmarekani Jim Butcher. Ni riwaya za uchawi wa mjini: wachawi na wanyonya damu wamo humo humo mtaani pamoja na polisi, kodi ya nyumba na gari bovu lisilowaka asubuhi. Mji wenyewe ni Chicago, na mhusika mkuu, Harry Dresden, ni mchawi anayefanya kazi ya upelelezi kwa malipo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2000. Kufikia mwisho wa 2020 riwaya zilikuwa 17.

Sasa, mtu mzima wa akili zake anawezaje kuandika madeni ya hadithi kama muuza duka anavyoandika nani kakopa sukari?

Sababu ya kwanza imo ndani ya vitabu vyenyewe. Kila kitabu kina hesabu mbili. Ya juu ni kesi ya kitabu hicho: tuseme mtu ameuawa, Harry anachunguza, mwishoni muuaji anajulikana. Hiyo hufungwa. Ya chini haifungwi. Katika kitabu cha kwanza muuaji ni mtu wa kawaida aliyepata uchawi mkubwa ghafla, na kitabu kinakwisha bila kutuambia aliupata kwa nani. Katika cha pili kuna watu waliopewa mikanda inayowageuza mbwa mwitu, aliyewapa hajulikani. Msomaji wa kitabu kimoja hataona kasoro yoyote. Ni yule wa kitabu cha nane, cha 2006, anayekutana na Harry akikusanya mambo haya na kushuku kwamba lipo kundi la siri nyuma yake, ndipo anajuta kwamba hakuandika.

Asiyetaka kutobolewa siri aruke aya mbili zinazofuata, maana siwezi kulieleza jambo hili kwa mafumbo.

Chukua lile jiwe la kaburi. Katika kitabu cha tatu, cha 2001, mwanamke mmoja wa wanyonya damu anaandaa karamu na kuwagawia wageni zawadi. Harry anapewa jiwe la kaburi lake mwenyewe, na shimo tayari katika makaburi ya Graceland, ambayo ni makaburi ya kweli kule Chicago. Unasoma unacheka kidogo, tusi limefika, unafungua ukurasa mwingine. Miaka kumi baadaye, katika kitabu cha 13, Harry ni mzimu, na anahitaji mahali pa kujificha jua lisimmalize. Anaingia katika shimo lile lile. Mgeni mwingine wa karamu ile alipewa kisu. Kisu hicho nacho kilikuja kuleta balaa vitabu vingi mbele, na mwanangu huyu amekipa ukurasa mzima, na mishale ya kalamu.

Kitu cha pili ni msimulizi. Harry anasimulia mwenyewe, kwa hiyo tunajua anachokijua yeye tu, na mara nyingi amekosea. Kuna baya zaidi. Mwisho wa kitabu cha 12 anapigwa risasi, na katika cha 13 inagundulika kwamba aliyepanga kifo hicho ni yeye, kisha akaomba kumbukumbu ya mpango ifutwe kichwani mwake. Fikiria: mtu aliyekuwa anakusimulia habari zote hakukudanganya, ila alikuwa amesahau. Binti yetu alirudi kitabu cha 12 kutafuta mahali kumbukumbu ilipokatwa, akalala saa nane usiku. Kesho yake alikuwa na mtihani, na hayo tuliyazungumza kwa lugha nyingine.

Lakini vitabu pekee havitoshi kueleza. Akili ya mtu pia haipendi hesabu iliyo wazi. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti alioufanya Berlin: watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Inasemekana wazo lilianzia kwa wahudumu wa mkahawa, waliokumbuka vizuri oda ambazo hazijalipwa na kuzisahau mara pesa ikishaingia. Mimi nilimwelewa Zeigarnik pale Wandegeya, mtaa mwingine wa Kampala, kwa muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Anageuza chapati na mayai ya watu sita, haandiki popote, na anajua nani kaomba bila kitunguu na nani bado ana deni la elfu moja. Muulize saa moja baadaye ulikula nini, atakutazama tu.

Niwe mkweli, waliorudia majaribio ya Zeigarnik hawakupata matokeo yale yale kila mara. Lililosimama imara zaidi ni la mwenzake Maria Ovsiankina, la 1928: mtu aliyekatizwa kazi huirudia mwenyewe akipata nafasi, hata bila kuambiwa. Kwangu hilo ndilo linaloeleza kurudia kusoma. Na nafasi ilikuwepo tele, kwa sababu kati ya kitabu cha 15, cha 2014, na cha 16 ilipita miaka sita. Miaka sita ya kungoja, watu watafanya nini kama si kurudi nyuma kukagua?

Sisi wenyewe tumekulia katika ukaguzi huu. Nani aliyehadithiwa habari za Kintu na Nambi, mume na mke wa kwanza katika hadithi ya Waganda, akaacha kuuliza juu ya ule ulezi wa kuku? Walionywa wasirudi, wakarudi kwa ajili ya chakula cha kuku, Walumbe, kaka yake Nambi ambaye ndiye kifo, akawafuata na kifo kikaja nao. Bibi jirani akianza tu kuwataja kuku, watoto wanaoijua hadithi hunyamaza, kwa sababu wanajua punje zile zitagharimu nini.

Kazi ngumu ya daftari ni kuamua lipi deni na lipi kosa. Mwandishi wa vitabu vingi hivi husahau; rangi ya kitu hubadilika, siku hazilingani. Binti yetu anaandika kwa wino wa rangi mbili: buluu ni kilichoandikwa kitabuni, nyekundu ni anachokisia yeye. Nilimuuliza ile mishale yote ya kisu ni ya rangi gani.

"Nyekundu, shangazi. Lakini nina hakika."