Je, wajua kwa nini lipstiki haiyeyuki kwenye joto la kaskazi?

Kaskazi ikishaingia tu, mafuta ya mdomo ninayotengeneza nyumbani kwa nta ya nyuki na mafuta ya nazi hayakai, nafungua kikopo nakuta uji mtupu, lakini lipstiki niliyonunua Darajani, ipo mkoba huohuo, imesimama wima na ncha yake. Kwa nini?

Geuza kiboksi usome viungo, kwenye lipstiki nyingi utakuta ozokeriti. Hiyo nta haitoki kwa nyuki wala kwenye mmea, inachimbwa ardhini, ya kahawia au nyeusi, inanuka kama petroli, na jina lenyewe la Kigiriki maana yake nta inayonuka. Machimbo yaliyosifika yalikuwa Boryslav, leo ni Ukraine, karne ya 19 watu wakishushwa visimani kuichimba kwa mkono. Ikisafishwa inaitwa seresini, ilitumika kwenye mishumaa na kukinga nyaya za umeme.

Sasa mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu, nta ya nyuki 62 hadi 64, ozokeriti kutegemea aina inaanzia 58 mpaka karibu 100. Ila mimi naona kubwa zaidi ni chembe zake. Nta ya parafini ikiganda inafanya chembe kubwa bapa, mafuta yanapenya yanatoka nje, ndo unaona lipstiki mbovu ina vijitone juu kama jasho, wakati chembe za ozokeriti ni ndogo mno zimeshonana, mafuta yanabanwa humo humo. Siku hizi lakini nyingi inayouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko wa nta za petroli ulotengenezwa ufanane nayo.

Na kuisafirisha ozokeriti? Ikiwa imeganda si mzigo wa hatari, inakuja kwenye magunia au maboksi, shida ni kontena kukaa juani bandarini, punje zinashikana zinakuwa tonge moja. Ikisafirishwa imeyeyushwa kwa nyuzi 100 kwenda juu hapo ni mzigo wa hatari, namba yake kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari ni UN 3257.

Ikishika moto usimwagie maji jamani! Maji yanazama chini ya nta, yanageuka mvuke ghafla na kuirusha ikiwa inawaka, wewe funika au mwagia mchanga mkavu. Hata mimi nyumbani kopo la nta naliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya jiko, na kwenye mafuta yangu ya mdomo nazi nimepunguza, nta ndo nimeongeza, sasa kikopo kinafika saa nane mchana bado kigumu.