Baba yako hajifanyi

"Anasikia akitaka." Nimeisikia tena wiki hii, na mhusika mwenyewe amekaa palepale, mikono magotini, mashine zake za kusikia masikioni, anamsikia binti yake vizuri tu kwa sababu chumba changu kimetulia. Ushahidi wa binti ulikuwa ule ule ninaoletewa siku zote: nyumbani mzee anaitika hata ukimwita kutoka jikoni, anafuata taarifa ya habari, anabishana na wajukuu. Jumapili wakitoka kwenda kula nje, anageuka mtu mwingine. Anatikisa kichwa pasipohusika, anacheka wenzake wakishamaliza kucheka, anaulizwa atakunywa nini anajibu "nimeshiba." Kwa hiyo, daktari (mimi si daktari, napima masikio, ila kusahihisha nimeshachoka), ama anajifanya, ama mashine ni feki, ama umwongezee sauti.

Yote matatu hapana. Hilo la tatu ndilo linalonikera zaidi, maana watu hulisema kama fundi aliyeshaona hitilafu na anasubiri bisibisi tu.

Mashine za mzee zina sauti ya kutosha. Zingekuwa chini, angehangaika nyumbani pia. Kinachomshinda mgahawani ni tofauti kati ya sauti anayoitaka na kelele zilizoizunguka. Mtu anayezungumza kawaida, umbali wa mita moja, ni kama desibeli 60 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Mgahawa uliojaa mchana wa Jumapili unafika 75 bila taabu, na wenye spika unapita 80. Kijana mwenye masikio mazima anamudu hata kelele ikilingana na maneno, au ikiyazidi kidogo. Mwenye usikivu uliopungua anahitaji maneno yaizidi kelele kwa desibeli kadhaa, na kadiri sikio lilivyochakaa ndivyo anavyohitaji zaidi. Sasa nikiongeza sauti, maneno yatapanda na kelele itapanda nayo. Mchele wenye mchanga ukiupakua mara mbili, umepakua na mchanga mara mbili.

Halafu kuna suala la konsonanti. Usikivu wa uzeeni huanza kuondoka kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, na huko ndiko zinakokaa s, f, t na k, ambazo tangu hapo ni sauti dhaifu. Irabu ziko chini na zina nguvu. Kwa hiyo mzee anasikia kabisa kwamba unaongea, hata kama umekasirika anajua, ila amepata "aa" na hana hakika ni taa, saa, kaa au paa. Nyumbani anajazia mwenyewe: giza limeingia, mtu amesema washa kitu fulani, hiyo t ya nini? Mgahawani mada inaruka kutoka ligi kuu hadi ada ya shule hadi harusi ya shangazi, watu wanakatizana, na mapengo yanakuwa mengi kuliko maneno. Kujazia huko ni kazi, na inachosha. Akinyamaza kabla chakula hakijaisha hajanuna. Amechoka.

Ubongo mzima hufanya kazi ya ajabu hapo. Tangu Colin Cherry alipoandika mwaka 1953 kuhusu jinsi mtu anavyofuata msemaji mmoja katikati ya wasemaji wengi, wahandisi wamekuwa wakijaribu kuuiga uwezo huo. Mashine za sasa ni nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga, lakini bado hazijui ni nani hasa unayetaka kumsikia. Ile programu ya "kupunguza kelele" inayotangazwa sana inapunguza kero, mtu anakaa muda mrefu zaidi bila kichwa kumuuma, na hilo si dogo. Maneno ya ziada inayomletea ni machache. Wanaotuuzia hizi mashine hawapendi tuliseme hili mbele ya mteja.

Chumba chenyewe nacho kina lawama yake. Miaka hii mgahawa mpya ukifunguliwa hapa Dar es Salaam ni vigae chini, vioo mbele, dari ya jipsamu, meza tupu bila kitambaa. Unapendeza kwenye picha. Kwa masikio ni birika: sauti ikitoka haina pa kwenda, inagonga, inarudi, inagonga tena, na mkia wa neno la kwanza unalifunika neno la pili. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeanzisha elimu ya sauti za majengo mwishoni mwa karne ya 19, alipima ufyonzaji wa sauti kwa kuulinganisha na dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikishatoka dirishani hairudi. Banda la makuti lisilo na kuta ni hilo dirisha kwa pande zote nne. Ndiyo maana mzee yule yule anayepotea ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi anakusikia bustanini, kwenye nyama choma, ingawa kuna jiko na pikipiki zinapita barabarani. Hajabadilika yeye.

Watu wenyewe wanaongeza. Étienne Lombard, daktari wa masikio wa Ufaransa, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Meza hii inapandisha ili kuishinda ile, ile inajibu, mwenye mgahawa anaona muziki wake umemezwa, anauongeza. Ukimwomba apunguze mapema, kabla watu hawajajaa, inasaidia. Ukimwomba saa nane mchana umechelewa, maana kelele kubwa muda huo si ya spika tena. Na tafadhali, wenye migahawa, trei za mayai ukutani hazizuii chochote. Pazia zito, viti vyenye sponji na vitambaa vya meza vitawasaidia zaidi.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi: kiti. Kila kipeperushi kinasema hivi: "Kaa kona, mgongo ukutani." Hata wenzangu wanalirudia. Kwa mtu asiyevaa mashine ushauri huu ni mzuri. Kelele za nyuma zinapungua na anaona nyuso zote. Lakini mashine nyingi za kisasa zina maikrofoni zinazopokea zaidi sauti za mbele na kufifisha za nyuma. Ukimkalisha mzee mgongo ukutani, maikrofoni zake umezielekeza ukumbi mzima: blenda, televisheni, meza ya watu kumi wanaoimba "happy birthday." Nyuma yake, ambako mashine inajitahidi kufifisha, kuna rangi ya ukuta tu. Mgeuze. Mgongo wake uelekee ukumbini, na anayezungumza naye akae upande wa ukuta.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na vipeperushi havisemi. Kwanza, ukuta ulio nyuma ya msemaji ukiwa wa kioo au vigae, unachukua kelele za ukumbi na kuzirudisha usoni kwa mzee, kwa hiyo tafuta penye pazia au kochi lenye mgongo mrefu. Pili, faida ya maikrofoni hizo inayeyuka kadiri msemaji anavyokuwa mbali ndani ya chumba chenye mwangwi. Meza ya watu wanne, sawa. Meza ya watu kumi na wawili, aliyeko mwisho hasikiki hata ungefanya nini. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko fizikia: mzee wa kwetu hataki kuwapa watu mgongo. Anataka kuona nani anaingia, asalimie, asalimiwe. Familia nayo, kwa heshima, inamweka kichwani mwa meza ndefu. Kwa masikio hakuna mahali pabaya kama pale. Aliye karibu yuko mita moja, waliobaki wako mbali wanapigiana kelele wao kwa wao. Mweke katikati ya upande mrefu, watu wake wakiwa kushoto, kulia na mbele. Sikio moja likiwa zima kuliko jingine, lielekee kwa wengi. Na asiyekuwa na la kumwambia ndiye akae kichwani mwa meza.

Nakiri kwamba wapo wateja wangu wanaofanya vizuri mgongo ukiwa ukutani pamoja na mashine zao, na nikitazama audiogramu zao, yaani michoro ya vipimo vya usikivu wao, sioni kwa nini. Huenda ni mpangilio wa chumba, huenda ni kwamba wanategemea kusoma midomo kuliko wanavyojua. Ninachowaambia ni wajaribu viti vyote viwili kabla ya kuagiza. Wahudumu wamezoea vituko vikubwa kuliko hivyo.

Midomo, kwa kweli, inafanya kazi kubwa. Wakati wa barakoa za korona walikuja kwangu watu wengi wakilalamika masikio yameharibika ghafla, kumbe walikuwa wanasikia kwa macho miaka yote. Basi msemaji asikae na dirisha lenye mwanga nyuma yake, na ile migahawa yenye taa za kimahaba iache kwa wachumba.

Kuna kifaa kinachoshinda yote niliyoyasema hadi sasa: maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya msemaji, inayorusha sauti moja kwa moja kwenye mashine. Inaondoa umbali na mwangwi kwa pamoja. Ni ghali, na inamfaa zaidi anayeongea na mtu mmoja. Ukiilaza katikati ya meza inapokea vijiko. Wengi wananiambia wanaona haya. Kwa watu wawili waliokwenda kula pamoja, hakuna ninachokiamini zaidi.

Kuna kundi jingine linaloninyima usingizi. Mtu wa miaka thelathini na kitu anakuja, anasema mgahawani haelewi watu, nampima, audiogramu safi. Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha mwaka 2009, kwa panya, kwamba kelele inaweza kukata viunganishi vya neva ndani ya sikio huku kipimo cha kawaida kikirudi kuwa kizuri. Kwa binadamu aliye hai, wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani hilo linatokea, na hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa. Kipimo changu kinafanyika ndani ya kibanda kimya, kwa milio. Kinaniambia kama unasikia mlio. Hakiniambii utamwelewaje shemeji yako karibu na blenda. Kwa hiyo ninapomwambia kijana huyo "masikio yako ni mazima," nasema kilichoandikwa kwenye karatasi, na yeye anaondoka na tatizo lake.

Kuhusu madhara: mlo mmoja haukutoi masikio. Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo 88 ni saa 4. Wewe umekaa saa moja na nusu. Mhudumu ana zamu nzima, na hakuna anayempima.

Nyinyi mnaokaa naye mezani, msipige kelele. Kupiga kelele kunakuza irabu, ambazo alikuwa nazo tayari, na kunaharibu umbo la midomo. Sogea. Ukitoka mita moja hadi nusu mita umempa karibu desibeli 6 za bure, ambazo mimi siwezi kumuuzia. Mguse bega kwanza, mada ikibadilika mtajie: "Baba, sasa tunaongelea shamba." Asiposikia, usirudie maneno yale yale kwa sauti zaidi, yabadilishe. Akiuliza "nini?" usimjibu "achana nayo, si kitu." Akishajibiwa hivyo mara kadhaa ataacha kuuliza, na Jumapili inayofuata atasema tumbo linamsumbua, nendeni tu.

Kabla ya kuchagua mgahawa, piga simu uulize mambo mawili: kuna sehemu ya nje, na siku hiyo kuna mechi? Saa sita kabla watu hawajaingia ni bora kuliko saa nane. Na kama ni siku ya Simba na Yanga, agizeni chakula mle nyumbani.