Vijiko na Uma za Fedha: Soma Mgongo Kabla ya Kulipa

Mng'aro usikuteke. Geuza kijiko, usome mgongo wa mpini. Chapa 925 au neno STERLING maana yake katika kila sehemu 1,000 za uzito, 925 ni fedha. 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Shaba hiyo haikutiwa ili kumpunja mnunuzi. Fedha tupu ni laini mno, meno ya uma yangepinda kwenye nyama. Vyombo vya Uingereza hutambulika pia kwa chapa ya simba anayetembea.

Ukikuta EPNS, hicho ni cha kuchovya: ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu ni utando mwembamba wa fedha. Kinachoitwa "fedha ya Kijerumani" hakina fedha hata chembe. Wala usitegemee sumaku; hunasa chuma, lakini EPNS kwa kawaida huipita salama.

Kisu kikague kwa makini zaidi, maana ndicho kinachoharibika mapema. Bapa lake mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, na mpini ni ganda la fedha lililojazwa lami au saruji. Kwa hiyo, ukiuziwa kwa gramu, visu visipande mizani pamoja na vijiko, la sivyo utalipia saruji kwa bei ya fedha. Kitikise karibu na sikio. Kikilia ndani, au bapa likicheza shingoni, kijazo kimeachia. Chanzo ni joto: mashine ya kuoshea vyombo, au kisu kulowekwa kwenye maji ya moto, hutanua kijazo hadi kiungo kikafunguka.

Kwa vyombo vilivyotumika, panga uma zote sambamba. Meno yaliyolika hujionyesha, moja fupi, jingine limechongoka. Kisha pumulia mpini kama unayesafisha miwani. Palipofutwa herufi za jina la mmiliki wa awali, mara nyingi kivuli cha herufi hizo huibuka kwenye ukungu. Pabonyeze kwa kidole gumba. Pakibonyea, pamekonda, usikinunue.

Seti ya mtu mmoja huwa na vipande vinne: kisu, uma mkubwa, uma wa saladi na kijiko cha chai, kijiko cha supu hufanya cha tano. Ukinunua kidogokidogo, beba rula. Nakshi ileile huweza kutolewa kwa saizi mbili, uma wa sentimita 18 hivi na wa karibu 20, na mezani tofauti huonekana mara moja.

Ukishavipata, vitumie. Kinachooshwa na kukaushwa kila mara huchelewa kuwa cheusi. Chumvi ikilala juu yake huchimba vidoa visivyotoka kwa kusugua, na yai huacha weusi kwa sababu ya salfa. Vihifadhi kwenye kitambaa cha pamba, na usivifunge kwa mpira: huacha mstari mweusi hata kupitia kitambaa.