Shemeji akikamatwa, kiwanja bado hakijarudi

Hapa Busia, Uganda, utasikia: mjane akifukuzwa na wakwe, hayo ni ya ukoo, polisi hayawahusu. Si kweli. Tangu marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022, kumtoa mjane kwenye nyumba ya ndoa ni kosa la jinai.

Lakini shemeji akifungwa, jina kwenye hati ya kiwanja halibadiliki. Usimamizi wa mirathi ni kesi nyingine kabisa: unaanzia ofisi ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, ukiwa na cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha mahakamani. Alikupiga pia? Sheria ya 2010 ya ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi.

Usingoje kesi moja iishe, mama. Aliye nje kwa dhamana anaweza kutafuta mnunuzi.