Sistren: wanawake wa Kingston waliotafiti maisha yao jukwaani

Wanawake 13 walioanzisha kundi la Sistren Theatre Collective jijini Kingston, Jamaika, mwaka 1977 hawakuwa waigizaji. Walitoka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na walikuwa wameajiriwa katika mpango wa serikali ya waziri mkuu Michael Manley wa kuwapatia kazi wasio na ajira, mpango ambao wanawake wengi waliopangiwa humo walifagia barabara. Walikuwa wamechaguliwa kujifunza kazi ya kuwasaidia walimu, na walipotakiwa kuandaa onyesho la sherehe za wiki ya wafanyakazi, wakamwendea Honor Ford-Smith wa shule ya maigizo ya Jamaika. Alipowauliza wanataka kuigiza nini, walimjibu kwamba wanataka kuonyesha jinsi wanavyoteseka wakiwa wanawake. Akawauliza tena: mnateseka vipi? Kwa maoni yangu, njia yote ya kazi ya kundi hilo imo ndani ya swali hilo la pili.

Sisi tunaofanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo tumezoea kuanza na ujumbe. Ofisi fulani imekwisha kuamua wananchi wanapaswa kuambiwa nini kuhusu ndoa za utotoni au chanjo, na kazi ya msanii ni kuufikisha ujumbe huo kijijini ukiwa umepambwa kwa vichekesho viwili vitatu. Sistren walikwenda kinyume chake. Mmoja wao alisimulia tukio la maisha yake, wenzake wakamhoji, kisha wakaliigiza papo hapo, na mwenye tukio akawasahihisha pale walipokosea. Halafu wote wakajadili kwa nini mambo yalikwenda hivyo na nani alinufaika. Kilichopanda jukwaani mwishoni kilikuwa matokeo ya uchunguzi huo. Igizo lao la kwanza, *Downpression Get a Blow*, lilihusu wanawake wa kiwanda cha nguo wanaounda chama cha wafanyakazi. Waliigiza kwa Kijamaika cha mitaani, lugha ambayo shule za wakati huo ziliidharau, na hiyo pekee ilitosha kumweleza mtazamaji kwamba aliyesimama pale ni mtu wa upande wake.

Nguvu ya njia hiyo inaonekana wazi zaidi katika *Bellywoman Bangarang* ya mwaka 1978, iliyohusu mimba za wasichana wadogo. Wengi wa wanakundi walikuwa wamepata mtoto wa kwanza wangali vijana, na si jambo jepesi kusimama mbele ya watu na kueleza mambo ya namna hiyo. Walichofanya ni kurudi kwenye michezo ya duara, nyimbo na vitendawili vya utotoni mwao, wakavifanya uti wa mgongo wa igizo. Mchezo wa watoto una kanuni zake: kuna anayeingia katikati, kuna anayetengwa, kuna anayechaguliwa. Ndani ya kanuni hizo mwanamke aliweza kucheza jambo ambalo asingeweza kulihutubia, na hadhira, iliyokua ikicheza michezo ileile, haikuhitaji maelezo. (Hapa kwetu mara nyingi ngoma hupigwa kukusanya watu, kisha huwekwa kando ili mazungumzo yaanze, huo ni upotevu mkubwa.) Mwaka 1981 walifanya jambo kama hilo katika *QPH*, igizo la kuwaenzi wanawake zaidi ya 150 waliokufa Mei 1980 moto ulipoteketeza makao ya wazee na mafukara ya Eventide jijini Kingston, ambapo mila ya kuwakumbuka wafu ndiyo iliyobeba masimulizi.

Baadaye wakaingia katika filamu, na hapo ndipo wanafunzi wangu hushangaa. Wakati wa kazi yao na wanawake wa mashamba ya miwa huko Clarendon, Sistren walikusanya habari za ujira, kazi ngumu na ubaguzi ndani ya vyama vya wafanyakazi vyenyewe, wakazigeuza kuwa maigizo. *Sweet Sugar Rage*, filamu ya mwaka 1985, haikurekodi igizo lililokamilika bali inatuonyesha warsha yenyewe: wafanyakazi wakisimulia, waigizaji wakijaribu tukio, hadhira ikialikwa kupendekeza na kujaribu mhusika afanye nini. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana. Filamu husafiri mbali kuliko waigizaji, lakini haiwezi kumjibu mtazamaji. Ukirekodi igizo lenye mwisho wake, umeuza njia yako yote kwa bei ya kanda moja. Ukirekodi mabishano ambayo hayajaamuliwa, watazamaji wa mahali pengine wana pa kuanzia taa zikiwashwa.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka Tuseme, mradi ulioanza mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao waliwawezesha wasichana wa sekondari kutambua matatizo yao, kuyachambua, kuyaigiza, kuyajadili na kupanga hatua. Tofauti moja ni kwamba wasichana wa Tuseme humaliza shule na kuondoka, ilhali Sistren walibaki pamoja mwaka hadi mwaka, na kubaki pamoja kulikuwa na gharama zake.

Gharama hizo Ford-Smith alizieleza mwaka 1989 katika andiko lake *Ring Ding in a Tight Corner*, ambalo nadhani lina manufaa kwa kiongozi wa kikundi kuliko miongozo mingi ya warsha. Sistren walitaka kuamua mambo kwa pamoja, lakini kati yao kulikuwa na waliosoma na wasiosoma sana, wanaoweza kuandika maombi ya fedha na wasioweza, na uwezo huo uligeuka kuwa mamlaka hata pale ambapo hakuna aliyeutaka. Wafadhili nao waligharimia vitu vinavyohesabika. Muda mrefu wa kukaa, kubishana na kufundishana, ambao ndio uliozaa kazi zenyewe, haukuwa na mahali katika bajeti. Kadiri miradi ilivyoongezeka, kuanzia maigizo hadi uchapaji wa vitambaa na jarida, ndivyo muda huo ulivyopungua, na wanawake walioingia ili wasimulie maisha yao wakajikuta pia wakiandaa ripoti za robo mwaka.