Nyumba inapompima mzee: inajua nini, haijui nini

Mzee akija kliniki huwa amejiandaa. Ameoga, amevaa shati la Ijumaa, na njiani ameshawaonya wanawe wasimsemee. Nikimuuliza kama anajipikia, anajibu, "Napika." Dawa je? "Nameza." Mwanawe aliyekaa pembeni anatazama sakafu. Hakuna aliyedanganya, juzi kweli alipika. Ila ni siku ngapi kati ya saba, na kwa tabu gani, hilo mimi pale mezani silioni.

Kwa miaka mingi tumetegemea orodha za maswali. Ile ya Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1963, ina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody walitoa yao yenye mambo nane ya kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Haya nane kwa kawaida ndiyo hutangulia kulegea. Mtu huanza kuchanganya vidonge na chenji ya dukani huku bado anajivalisha vizuri kabisa. Orodha hizi tunazitumia mpaka leo, lakini zinapima siku moja, tena kwa mdomo.

Nyumba janja, yaani nyumba iliyofungwa vihisi (vifaa vidogo vinavyotambua mtu anapopita, anapolala au anapotumia kitu), inapima kila siku, na haiulizi. Huko Portland, Oregon, timu ya daktari Jeffrey Kaye ilipachika vihisi vya mwendo kwenye dari za korido za wazee, vinne kwa mstari mmoja. Mtu akipita chini yake, kila kihisi kinaandika saa. Umbali kati yake unajulikana, basi kasi ya mwendo inapatikana bila mzee kuvaa wala kubonyeza chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kasi hiyo, na jinsi inavyopandashuka wiki hadi wiki, inahusiana na kuanza kupungua kwa uwezo wa akili. Msishangae miguu kusema habari za kichwa. Kutembea ni kazi ya ubongo pia.

Katika makazi ya wazee ya TigerPlace, Columbia, Missouri, watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo waliweka vihisi hata kitandani, vinavyosikia mapigo ya moyo na pumzi. Safari za chooni usiku zikiongezeka ghafla, muuguzi anapata taarifa na kwenda kuangalia. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo ambayo mwenyewe hajayalalamikia.

Lakini kifaa ninachokipenda zaidi ni birika la umeme. Kampuni ya Zojirushi ya Japani ililitoa mwaka 2001: mzee akichemsha maji ya chai yake, mtoto aliye mbali anapata ujumbe kwamba birika limetumika. Halipigi picha, halisikilizi maongezi. Ni kama jirani anayechungulia tu kama moshi umefuka jikoni.

Siri ya vifaa vyote hivi ni kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe, si na wazee wengine. Kwa hiyo mfumo unahitaji wiki kadhaa za kujifunza mazoea yake kwanza. Anayeamka saa kumi usiku kwa ajili ya ibada hana tatizo la usingizi. Na Ramadhani ikiingia, jiko litachangamka saa tisa usiku na kunyamaza mchana kutwa. Mashine isiyojua kalenda hiyo itapiga kelele bure.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi kwetu. Tafiti nyingi zimefanywa kwa wazee wanaoishi peke yao. Nyumba ya Tanga au Mombasa ina bibi, mkwe na wajukuu wanne, na kihisi cha ukutani hakijui nani kafungua friji. Hapo hesabu za jikoni hazina maana. Afadhali kitu kinachomhusu yeye tu: mkeka wa kihisi chini ya godoro lake, au kisanduku cha dawa zake chenye kihisi. Tena friji kufunguliwa si chakula kuliwa, na bibi kuacha kupika huenda ni kwa sababu mkwe amekuja, naye kaamua kupumzika. Mashine inaona badiliko. Sababu lazima mtu akamuulize.

Asiye na vifaa apime kwa saa ya simu: pima mita 4 sakafuni, mzee atembee mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mpelekeni akaangaliwe.

Watoto walio Muscat au London hutuuliza sana kuhusu kamera. Binafsi naiweka mwisho kabisa, na chumbani au bafuni sikubali. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hata kama mnunuzi wa kifaa ni mtoto wa kumzaa. Kaeni na mzee kabla ya kufunga chochote, mkubaliane ni vyumba vipi, nani atapata ujumbe, na vipi atakizima akitaka. Akikataa chooni, basi. Kama anaishi peke yake, kihisi cha korido kitazihesabu safari zake hizo hizo kikiwa nje ya mlango.