Sababu ya vita: wanabishana nini hasa?

Ni nadra nchi kuingia vitani bila kusema kitu. Hata serikali isiyoulizwa na mtu yeyote itatoa maelezo: tumechokozwa, tunalinda raia wetu, tunarudisha ardhi yetu, tunamwahi adui kabla hajatuwahi. Maelezo hayo yanayotolewa hadharani ndiyo yanayoitwa sababu ya vita, na wanasheria na wanadiplomasia huyatumia kwa jina la Kilatini, casus belli. Karibu kila mara watajitokeza pia watu wa kusema kwamba hiyo si sababu, ni kisingizio. Mabishano huanzia hapo, na mara nyingi hudumu kuliko vita vyenyewe.

Kinachoyafanya yawe magumu ni kwamba watu hubishania mambo tofauti huku wakidhani wanabishania jambo moja. Yuko anayeuliza kama tukio lililotajwa lilitokea kweli. Mwingine anakubali kuwa lilitokea, ila anasema sheria hairuhusu kulijibu kwa mizinga. Wa tatu haguswi na sheria, anachosema ni kwamba njia nyingine zilikuwepo na hazikujaribiwa. Wa nne anataka kujua kilichomo moyoni mwa watawala: je, ni mafuta, ni uchaguzi unaokaribia, ni kisasi? Kila mmoja anaweza kuwa na haki kwenye swali lake na bado asimjibu mwenzake hata kidogo.

Swali la kwanza, la ukweli wa tukio, ndilo jepesi kuliuliza na gumu kulijibu kwa wakati. Mei 1846 Rais James Polk wa Marekani aliliambia Bunge kwamba Mexico imevamia nchi na kumwaga damu ya Wamarekani katika ardhi ya Marekani. Vita vikatangazwa. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, mbunge mgeni kutoka Illinois aitwaye Abraham Lincoln aliwasilisha maazimio yaliyomtaka rais aoneshe mahali hasa palipomwagika damu hiyo, na kama palikuwa kweli pa Marekani. Hakulitoa swali hewani. Mapigano yalikuwa yametokea kati ya mto Nueces na Rio Grande, eneo ambalo nchi zote mbili zilidai ni lao. Kwa hiyo askari walikufa kweli. Uongo, kama upo, ulikuwa ndani ya maneno mawili tu, “ardhi yetu”. Januari 1848 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 85 kwa 81 kusema kwamba vita hivyo vilianzishwa na rais bila ulazima na kinyume cha katiba. Wakati huo Mexico ilikuwa imeshashindwa, na haikupita muda ikatia saini mkataba wa kuachia eneo kubwa la kaskazini mwake.

Ucheleweshaji huo umejirudia mara nyingi. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani iitwayo Maddox katika Ghuba ya Tonkin. Hilo lilitokea. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba kumekuwa na shambulio la pili, na ni hilo la pili lililoamsha hasira Washington. Tarehe 7 Agosti Bunge lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa pana ya kutumia nguvu: wabunge 416 waliunga mkono na hakuna aliyepinga, na katika Seneti waliopinga walikuwa wawili tu. Shambulio la pili halikuwepo. Nyaraka za idara ya ujasusi ya Marekani zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2005 zilionesha jinsi taarifa za usiku ule zilivyosomwa vibaya na kupangwa upya hadi zikafanana na shambulio.

Pengine hakuna hata cha kusoma vibaya, tukio linatengenezwa tu. Usiku wa 31 Agosti 1939 Wajerumani wenyewe walivamia kituo chao cha redio huko Gleiwitz wakijifanya Wapolandi, na alfajiri ya siku iliyofuata Ujerumani ikaingia Poland.

Ila hapa kuna mtego ambao wapinzani wa vita huuingia kwa furaha. Kugundua uongo mmoja si kugundua kwamba vita vyote havikuwa na msingi. Oktoba 1990 msichana wa miaka 15 alitoa ushahidi mjini Washington akisema aliwaona askari wa Iraki wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine zao katika hospitali moja ya Kuwait na kuwaacha wafe sakafuni. Simulizi hiyo ilienea na kurudiwa na wakubwa. Mwaka 1992 ikajulikana kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma. Propaganda ya wazi. Lakini je, Iraki haikuivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990? Iliivamia, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu nguvu itumike kuitoa, kwa azimio namba 678. Sababu ya kweli ilikuwepo mezani, na bado kuna watu walioona haitoshi, wakaiongezea chumvi.

Sheria imebadili lugha ya mabishano haya kuliko kitu kingine chochote. Zamani dola ilihesabiwa kuwa na haki ya kupigana, na kutaja sababu ilikuwa zaidi suala la heshima na la kutafuta washirika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 uliufunga mlango huo. Ibara ya 2 inakataza nchi kutumia nguvu au kutishia kuitumia dhidi ya nchi nyingine. Milango iliyobaki ni miwili: ruhusa ya Baraza la Usalama, au haki ya kujilinda iliyotajwa katika ibara ya 51 pale nchi inaposhambuliwa. Tangu hapo kila anayepigana anasema anajilinda. Urusi ilipoingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Rais Vladimir Putin naye aliitaja ibara ya 51. Siku chache baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliukataa uvamizi huo kwa kura 141 dhidi ya 5, nchi 35 zikijizuia kupiga kura.

Ugomvi mkubwa zaidi wa kisheria uko kwenye neno “kuwahi”. Je, unaruhusiwa kupiga kabla hujapigwa? Wengi hukubali kwamba kama adui ameshainua mkono na hakuna nafasi ya kufanya kingine, si lazima usubiri kofi likufikie. Kumpiga kwa sababu huenda miaka mitano ijayo atakuwa na uwezo wa kukudhuru ni habari nyingine kabisa. Israeli ilipolipua mtambo wa nyuklia wa Iraki mwezi Juni 1981, ilisema inajilinda na hatari inayokuja. Baraza la Usalama lililaani kitendo hicho, Marekani ikiwemo. Na kuna hali inayowaumiza kichwa hata wanaoipenda sheria: mwaka 1999 nchi za NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ziliishambulia Yugoslavia zikisema zinawalinda raia wa jimbo lake la Kosovo, bila ruhusa ya Baraza la Usalama, na tume huru iliyochunguza baadaye ikasema kampeni ile ilikuwa kinyume cha sheria lakini ilikuwa na uhalali. Wengine wanaiona kauli hiyo kuwa hekima, wengine wanaiona ni mwanya ambao kila mwenye nguvu ataupitia.

Anayetaka kuona maswali yote manne yakigongana mahali pamoja aangalie Iraki, 2002 hadi 2003.

Marekani na Uingereza zilisema Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Novemba 2002 Baraza la Usalama lilipitisha kwa kura zote 15 azimio namba 1441, likimpa Saddam fursa ya mwisho na kuonya juu ya madhara makubwa. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa wakarudi Iraki chini ya Hans Blix. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alikaa mbele ya Baraza akiwa na picha za setilaiti na sauti zilizonaswa, akainua kichupa kidogo cha unga kuonesha kiasi cha kimeta kinachoweza kuleta balaa. Siku kumi baadaye mamilioni ya watu waliandamana katika miji mingi ya dunia. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, aliliambia Baraza kwamba nyaraka zilizodai Iraki ilitafuta urani, madini yanayoweza kutengenezea silaha za nyuklia, kutoka Niger si za kweli. Kumbuka: alisema hivyo kabla ya vita, si baada.

Siku hiyohiyo, mjini London, Mwanasheria Mkuu wa Uingereza alikuwa anamwandikia Waziri Mkuu Tony Blair ushauri mrefu wa siri. Alisema hoja ya kuingia vitani kwa azimio la 1441 pekee inaweza kutetewa, lakini njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio la pili. Azimio la pili halikupatikana. Tarehe 17 Machi bunge likapewa jibu fupi la maandishi la mwanasheria yuleyule, nalo lilisema vita ni halali, na mashaka ya siku kumi zilizotangulia hayakuonekana humo. Jioni ile aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Robin Cook, alijiuzulu wadhifa wake serikalini na kusema bungeni kwamba huenda Iraki haina silaha za maangamizi kwa maana ambayo watu wanaielewa. Kesho yake wabunge wakapiga kura, na serikali ikashinda kwa 412 dhidi ya 149. Ushauri ule mrefu wananchi waliusoma mwaka 2005.

Silaha hazikupatikana. Hapo wanaopinga wakasema serikali zilidanganya, na watetezi wakasema zilikosea kwa nia njema, kwa kuwa majasusi wa nchi nyingi waliamini hivyohivyo. Hizi ni tuhuma mbili tofauti. Anayekosea anaeleza anachoamini. Kosa linageuka udanganyifu pale anapoyaondoa mashaka aliyonayo mkononi na kuwapa watu uhakika ambao yeye mwenyewe hana. Tume ya uchunguzi ya Uingereza iliyotoa ripoti Julai 2016 ilisema hivyo kwa lugha ya kistaarabu: hukumu kuhusu silaha zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili, na njia za amani hazikuwa zimekwisha. Powell mwenyewe aliiita hotuba ile doa katika rekodi yake.

Sasa, nia. Hapa ndipo mazungumzo ya watu hupenda kwenda moja kwa moja, na kwa maoni yangu hapa ndipo pana faida ndogo kuliko kote. Serikali si mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Mei 2003 Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Paul Wolfowitz, alieleza katika mahojiano kwamba silaha za maangamizi zilichaguliwa kuwa sababu kuu kwa kuwa ndiyo hoja moja ambayo kila mtu serikalini aliweza kukubaliana nayo. Maana yake ni kwamba mle ndani kulikuwa na sababu kadhaa, na ile iliyopelekwa sokoni ndiyo iliyouzika kwa wote. Ukiuliza “sababu ya kweli ilikuwa ipi?” unaweza kuwa unatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwa kimoja. Mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, Thucydides, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliyatenga malalamiko yaliyotajwa hadharani kabla ya vita vya Athens na Sparta na kile alichokiona kuwa chanzo chenyewe, yaani Sparta kuogopa nguvu ya Athens iliyokuwa inakua. Lakini hakuyatupa malalamiko yale. Aliyaandika kwa kirefu.

Alifanya vyema, kwa sababu sababu iliyotangazwa ina kazi hata kama si yote: inaweka mpaka. Vita vya kuikomboa Kuwait vilisimama Februari 1991 Kuwait ilipokombolewa, na walioandika azimio waliweza kusema kazi imekwisha. Sababu ikinyumbuka, vita navyo vinanyumbuka.

Mfano ambao wasomaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu ni wa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na Uganda ikatangaza kulichukua eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia, na kipande cha hotuba ile bado kinanukuliwa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Uwezo, sababu, nia. Aliyataja matatu kila moja peke yake. Wachache walipinga kwamba Tanzania ilikuwa na haki ya kumtoa mvamizi. Mabishano yalikuja jeshi lilipovuka mpaka mwaka 1979 na kuendelea mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili. Nyerere alijibu kwamba kuna vita viwili: vya Watanzania kulinda usalama wa nchi yao, na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria walilaumu, wakishikilia kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Unaweza kufurahia Amin kuondoka na bado ukakiri kwamba hoja ya waliolaumu haikuwa ya kipuuzi: sababu iliyotosha kuvifikisha vikosi mpakani haikuwa ileile iliyovifikisha Kampala.

Sababu ikishaandikwa kwenye sheria, inaweza pia kuishi kuliko kilichoizaa. Ruhusa ambayo Bunge la Marekani lilimpa Rais George W. Bush mwezi Oktoba 2002 ilihusu tishio la Iraki ya Saddam. Saddam alinyongwa Desemba 2006. Januari 2020 Marekani ilimuua Jenerali Qasem Soleimani wa Iran karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad, na miongoni mwa hoja za kisheria ambazo serikali ya Donald Trump ilizitoa kuhalalisha shambulio hilo ni ruhusa hiyohiyo ya mwaka 2002.